Khadra na Jina la Buziyan

Mkitaka kumjua Khadra, msianzie msikitini kwenye darasa la watu wazima. Anzieni kwenye tanuri la mtaa wetu. Hapa kila nyumba hukanda unga wake asubuhi, ikaupeleka kwa mwokaji juu ya ubao, na kila mwanamke ana alama yake juu ya mkate ili usije ukaishia tumboni mwa jirani. Alama yangu ni mkato mmoja wa kisu, kwa sababu sina subira. Ya Khadra ilikuwa matundu matatu ya kidole, karibu na ukingo. Mikate ikitoka motoni imevimba na kuungua, nusu ya alama hazionekani tena, na sisi wengine tunagombana pale mlangoni. "Huu wangu!" "Wako una nini, umeuzaa?" Khadra anapenya katikati yetu, ananyoosha mkono, anachukua wake, anaenda zake. Mimi nimekula mikate ya watu maishani mwangu, na mingine nimeila makusudi. Khadra hakukosea hata siku moja.

Mimi naitwa Yamina. Ukuta wa jikoni kwangu ndio ukuta wa chumbani kwake, kwa hiyo kikohozi cha mumewe nilikisikia kama kiko kwangu, na yeye aliyasikia matusi yangu yote. Mji wetu ni wa makaa ya mawe. Mgodi mkubwa ulifungwa zamani, wakubwa wakaondoka na mashine zao, wakatuachia vilima vya vifusi vyeusi na waume wenye mapafu yaliyooza. Wanaume wakaanza kujichimbia mashimo yao wenyewe, mashimo membamba ya kushukia kwa kamba, na wana wao wakafuata nyuma. Kazi nyingine haikuwepo. Nasema haikuwepo, na msije mkaniletea habari za kwenda Ulaya.

Khadra aliletwa hapa akiwa bibi harusi mbichi, kutoka nyanda za juu kwa wafugaji, hajawahi kuuona mlango wa shule hata kwa nje. Mimba zikamtoka moja baada ya nyingine, mpaka wanawake wakaanza kumsema kisimani. Mimi nikiwemo, naam, nilikuwa na mdomo tangu zamani. Halafu akazaliwa Buziyan, na hakuzaliwa mwingine. Tangu siku hiyo hakuna aliyemwita Khadra tena. Akawa Mama Buziyan, na ukimwita hivyo hata ukiwa mbali alikuwa anageuka na kutabasamu kabla hajajua unataka nini.

Alimkataza kijana asiende mashimoni. Alilia, aliapa, alimfichia viatu. Lakini Milud, mumewe, alikuwa hawezi tena kupanda hata ngazi ya nyumbani bila kukaa katikati, na mtoto akaona aibu kula mkate wa mama yake akiwa na mabega mapana vile. Akaenda. Siku moja maji yaliyokuwa yamejificha kwenye njia za mgodi wa zamani yakapasuka, yakajaza shimo lao. Walikufa wawili: Buziyan, na kijana mmoja kutoka milimani aliyeitwa Qaddur, ambaye hakuwa na ndugu hata mmoja mjini kwetu.

Sasa sikilizeni. Kwetu mwanamke hafuati jeneza. Mwanao anapita mlangoni amebebwa mabegani, wewe unabaki ndani na wanawake wenzako mnajipiga vifua, na wanaume peke yao ndio wanaojua ametiwa wapi. Siku ya tatu ndipo tunapokwenda kumtazama. Tulikwenda, Khadra nimemshika mkono mmoja, dada yangu mkono mwingine. Milud aliishia langoni mwa makaburi, kifua kimembana, akaegemea ukuta. Makaburi mapya yalikuwa mawili, ubavu kwa ubavu. Milud akanyoosha mkono kutoka kule langoni. "Lile," alisema, "la huku kwenye kichaka cha miiba." Khadra akaliangukia lile. Wenzao wa mashimoni walipochanga na kuweka mawe mawili ya saruji, mfano mmoja, maandishi meusi, sisi tuliyaona mazuri basi. Milud hakujua kusoma, mimi hapana, Khadra ndiyo kabisa. Mwaka wa pili Milud naye akafa.

Miaka ikapita, na Ijumaa zote za miaka hiyo Khadra alikwenda kwa mwanawe, mimi nikimsindikiza kila nilipoweza. Alibeba dumu la maji, tawi la mhadasi, ule mti wa majani ya kunukia tunaowawekea wafu wetu, mkate na tini kavu za kuwapa maskini. Kati ya kaburi lile na la yule kijana wa milimani palikuwa na nafasi ya mtu kukaa. Alivua ndala, akaziweka pamoja na kikapu kwenye ukingo wa kaburi la pili, akakaa katikati ameliegemea hilo la pili kwa mgongo, akamtazama wake. Akamwagia maji mpaka udongo ulowe. Akamsimulia: nani kaoa, nani kaachwa, bei ya unga, Yamina kagombana na nani tena. Akimaliza, akinyanyuka, kama dumu lina kitu bado, alikuwa anageuka na kumimina yale mabaki kule nyuma. "Na huyu naye, maskini," alikuwa anasema. "Hana mtu." Kisha anavaa ndala zake tunarudi.

Ndipo wakaanzisha darasa, chumba cha pembeni cha msikiti, baada ya sala ya alasiri, kwa wanawake wasiojua kusoma. Mwalimu alikuwa binti mmoja kutoka mji wa Wajda anaitwa Nuzha, mwembamba, mpole, ametoka kwenye mafunzo moto moto, kila sentensi ya pili anasema "wataalamu". Siku ya kwanza alisimama mbele yetu ameikumbatia chaki kwa mikono miwili. Nilimwonea huruma, kusema kweli, maana tulikuwa majitu mazima, wengine na wajukuu migongoni, tumekaa tunamkodolea macho.

"Mama zangu," alisema, "wataalamu wanasema mtu mzima si mtungi mtupu unaongoja kujazwa. Mtu mzima anakuja darasani na maisha yake."

"Mwanangu," nikamwambia, "mimi ni mtungi uliojaa tangu zamani, tena unavuja. Hayo unayoleta utayamimina wapi?"

Darasa likaangua kicheko. Mwalimu naye akacheka, na hapo nikaanza kumpenda, ingawa sikumwambia. Akauliza, "Haya, Mama Yamina, mikate ikitoka kwa mwokaji, wa kwako unaujuaje?" Nikamwambia kwa mkato wangu. "Na wa Mama Buziyan?" Kwa matundu matatu. "Basi mnasoma," akasema. "Mmesoma maisha yenu yote, na mnaniambia hamjui." Khadra aliangalia kidole chake cha shahada kwa muda, amekishika kwa mkono mwingine kama kitu alichookota.

Siku nyingine Mwalimu alikuja na la pili la wataalamu wake. Mtoto anasoma kwa kuwa ameambiwa asome, alisema, lakini mtu mzima hashiki kitu mpaka ajue anasomea nini. Akazunguka akituuliza mmoja mmoja. Huyu anataka kujua basi linakwenda wapi bila kuuliza makondakta wanaomfokea. Yule anataka Qur'ani. Mimi nikasema nataka kujua mkamwana wangu anaandika nini kwenye simu huku ananitazama na kucheka. Ikafika zamu ya Khadra.

"Nataka jina la mwanangu," alisema. "Liko kwenye jiwe lake. Kila Ijumaa nalipapasa kwa kidole, sijui linaanzia wapi, sijui linaishia wapi. Na macho yangu yanakwenda, Mwalimu." Ilikuwa kweli. Jicho la kulia lilishaingia ukungu mweupe, la kushoto lilikuwa linafuata. "Nataka nilisome mwenyewe mara moja, kabla hayajafunga. Basi. Mengine yote wape hawa."

Mwalimu alifuta macho kwa ncha ya mtandio, akasema kwamba kitabu kinaanza na alfabeti lakini kitabu kitasubiri. Wataalamu walikuwa wamemfundisha kumfuata mtu mzima kwenye haja yake. Kwa hiyo Khadra hakuanzia pale tulipoanzia sisi. Yeye alianzia kwenye herufi za Kiarabu za jina Buziyan. Ile ya kwanza ni sahani yenye nukta moja chini. Ya pili ndoano, ya tatu ndoano iliyolala yenye nukta juu, halafu sahani ndogo yenye nukta mbili, halafu fimbo iliyosimama, halafu bakuli lenye nukta ndani. Alizifinyanga kwa unga jikoni kwake. Alizichora kwa makaa ukutani, na ukuta ule upande wa pili ni wangu, nilisikia mkwaruzo asubuhi na jioni mpaka nikagonga kwa mwiko. "We Khadra! Kijana keshaandikwa, muache apumzike!" Na yeye anajibu kutoka ng'ambo, "Bado bakuli linanishinda!"

Sijawahi kumwona akiwa na furaha kama miezi ile, tangu msiba. Aliongeza na herufi nyingine, moja moja, kwa kuwa alitaka pia kusoma "mtoto wa Milud", akaona akishazijua hizo basi zilizobaki si nyingi. Akatupita sisi wote. Mimi nilikuwa bado nagombana na sahani ipi ina nukta ngapi, na yeye anasoma kibandiko cha mafuta ya kupikia kwa sauti, dukani, mbele za watu.

Siku moja Mwalimu alituletea la tatu. Alisema kuna kujifunza kwingine, kukubwa kuliko herufi, ambako mtu mzima anajua jambo moja tu, na hilo jambo likampindulia yote aliyokuwa ameyaamini. Linamtikisa kwanza. Halafu anasimama akiwa mtu mpya.

"Na asiposimama?" nikauliza.

"Mama Yamina, wewe na maswali yako," alisema, akacheka, akaenda kufuta ubao.

Ijumaa aliyoichagua Khadra ilikuwa ya mwisho wa baridi, upepo unatoka nyanda za juu na mbingu imefunga. Alikuwa ameoga, ameweka hina, amevaa gauni lake la Idi. Mwalimu Nuzha aliomba twende naye, akaja na pakiti ya tende na uso unaong'aa, maana mwanafunzi wake wa kwanza ndiye huyu. Tulipofika alivua ndala, akaziweka pamoja na kikapu mahali pake pa siku zote, kwenye ukingo wa kaburi la yule kijana wa milimani, akapiga magoti mbele ya jiwe.

"Mwalimu, usinisaidie hata ukiona nakosea," alisema. "Na wewe Yamina, hasa wewe, funga mdomo."

"Mimi sijui kusoma, nitakusaidia nini?"

"Wewe husaidii, unaropoka."

Nilicheka, nikageuka nimwambie Mwalimu jambo, na nikauona uso wake. Damu yote ilikuwa imeondoka. Alikuwa analitazama jiwe, kisha jiwe la pili, kisha la kwanza tena. Nikamkonyeza kumuuliza kuna nini, hakuniona.

"Mama Buziyan," alisema Mwalimu, "jua la leo litakuumiza macho. Twende nyumbani. Tutarudi siku nyingine."

"Jua gani?" nikasema. "Mawingu matupu haya!"

Khadra hakutusikiliza. Alikuwa ameweka kidole kwenye jiwe, pale kulia maandishi yanapoanzia, anakisogeza polepole. Akarudi mwanzo. Akasogeza tena. Akafuta jiwe kwa mkono wa gauni la Idi, akasogeza uso mpaka pua inagusa.

"Sahani iko wapi?" aliuliza. "Nyie, sahani yangu iko wapi? Yenye nukta chini. Hapa hakuna sahani." Akajaribu mstari wa chini. Halafu akakaa kwenye visigino, mikono imelala mapajani. "Basi yamekwisha," alisema. "Macho yamekufa kabla sijawahi kulisoma. Niambie kweli, Mwalimu. Ni macho, sivyo?"

Nataka mjue kwamba binti yule angeweza kusema ndiyo. Khadra angemwamini. Angelia siku mbili tatu kwa ajili ya macho, angerudi Ijumaa ya pili na dumu lake, angekufa akiwa Mama Buziyan. Mimi wakati huo nilikuwa sijaelewa bado.

"Nimekuuliza," Khadra alisema.

"Macho yako mazima, mama," alisema Mwalimu.

"Basi hapa pameandikwa nini?"

Khadra akarudisha kidole mwenyewe, akaanza kusoma yaliyokuwepo badala ya yale aliyoyataka. Alikuwa amezijua herufi hizo vilevile, si alijifunza za ziada. Akalitoa jina kwa vipande, mara ya kwanza kwa kunong'ona, mara ya pili kwa sauti. "Qaddur," alisema. Akanitazama. "Qaddur ni nani?" Kisha akakumbuka Qaddur ni nani.

Jamani, sijui niseme vipi. Hakupiga kelele. Aligeuka kwa magoti, taratibu, kule ambako hakuwahi kugeukia ila wakati wa kuondoka. Majani makavu yalikuwa yamepanda mpaka nusu ya jiwe, na juu ya ukingo ziko ndala zake, na kikapu. Akatoa ndala. Akatoa kikapu. Akang'oa majani kwa mikono yote miwili mpaka maandishi yakaonekana, akaweka kidole. Na hapo akasoma vizuri, Mungu wangu, alisoma bila kukwama hata kidogo, sahani na ndoano na ndoano ya pili na sahani ndogo na fimbo na bakuli. "Buziyan mtoto wa Milud." Mtoto wa shule asingesoma vizuri zaidi. Mwalimu wake alikuwa amesimama nyuma yangu analia kwa sauti.

"Nilimpa mgongo," Khadra alisema. "Miaka yote hii, Yamina. Nilimpa mgongo."

Nikamshika, nikaanza kubwabwaja, labda walioweka mawe ndio waliokosea, labda Milud ndiye sahihi, mafundi wa saruji walevi wale wanajua nini. Nilitaka iwe hivyo. Nikamwita Bujema, mchimba kaburi, mzee anayekaa kibandani langoni, akaja anaburuta mguu. Nikamuuliza mbele ya Khadra, yupi ni yupi.

"Mwana wa Milud ni huyu wa upande wa ukuta," alisema, anaonyesha lile lenye majani yaliyong'olewa. "Nilimlaza kwa mikono yangu. Kwani vipi?"

"Na unaniona nakaa kwa yule mwingine kila Ijumaa," alisema Khadra, "hukusema kitu?"

Mzee alishangaa kweli kweli. "Nilidhani unamhurumia, mama, kwa kuwa hana mtu. Sisi wote tulidhani hivyo. Hata wasomaji wanaokuja kusoma Qur'ani hapa husema, yule mama ana moyo, wake anamwachia Mungu na anamtunza mgeni. Tunakuombea dua kwa ajili hiyo."

Nilitamani nimrukie mzee wa watu nimnyonge, na kosa hana. Wala Milud sijui nimlaumu vipi. Amezika mwana, kifua kimembana, kundi la wanaume limemzunguka, mashimo mawili yako wazi mbele yake. Labda hakuona, labda aliona akasahau, labda mkono wake ulitetemeka na sisi tukaufuata. Ninachokilaumu ni ule mlango tunaofungiwa. Wangetuacha twende nyuma ya jeneza, Khadra angemwona mwanawe anashushwa, na ningependa kumwona mtu wa kumkosesha mahali hapo. Yule yule aliyeujua mkate wake kati ya mikate ya mtaa mzima. Wanaume wanajidai wanatuepusha na uchungu. Haya, wametuepusha.

Darasani Khadra hakurudi. Ukutani kwangu mkwaruzo ulikoma, na siku chache baadaye nikasikia brashi, anasugua zile herufi za makaa kwa maji. Mwalimu Nuzha alikuja nyumbani kwake mara mbili akaondoka bila kufunguliwa, mara ya tatu nikampitisha mimi. Khadra alikuwa amekaa kwenye godoro, hajafunga kitambaa kichwani. Binti akakaa chini miguuni pake.

"Mama Buziyan..." alianza.

"Usiniite hivyo. Mama gani? Mama anayeweka ndala juu ya mwanawe?"

"Mama, hukujua."

"Sikujua. Na nilikuwa mzima nilipokuwa sijui. Nilikuwa na mwana wa kuzungumza naye." Hakuwa na hasira, na hilo ndilo lililoniumiza. Alikuwa anauliza kama anavyouliza darasani. "Wewe ulisema wataalamu wanajua mtu mzima anavyojifunza. Nami nimejifunza, si ndiyo? Umenifundisha vizuri. Sasa wanasemaje hao wataalamu, mtu mzima anasahau vipi? Nifundishe hilo. Nitakuja kila siku, sitakosa hata kipindi."

Mwalimu alimshika miguu. "Hawakutufundisha hilo, mama," alisema.

"Waulize," alisema Khadra.

Binti yule bado anafundisha, sasa yuko mji mwingine. Nimesikia kwamba siku ya kwanza anauliza wanafunzi kama kawaida wanasomea nini, na kwamba wakishajibu ananyamaza muda mrefu kabla hajaendelea. Mimi niliacha darasa. Mkamwana wangu aandike anachotaka kwenye simu yake.

Khadra alikaa ndani wiki nyingi. Mkate wake hakuuleta tena kwa mwokaji. Nilimpelekea wangu, akaula akiukumbuka, akiusahau ukakauka. Nilidhani atanifia mle ndani. Halafu Ijumaa moja nikasikia mlango wake, nikachungulia, nikamwona amebeba dumu na tawi la mhadasi. Nikavaa jilbabu langu mbio mbio nikamfuata bila kuitwa.

Alikwenda moja kwa moja kwa Buziyan. Akamwagia maji, mengi, anamimina na kumimina, udongo ukanywa mpaka ukashindwa, na bado anamimina. Akamwekea mhadasi wote. Hakumsimulia kitu. Nilingoja aseme nani kaoa na nani kaachwa, akawa anafungua mdomo na sauti haiji. Nilijua kwa nini. Habari zote za miaka ile alishampa mwingine, na sasa zilikuwa zimepitwa na wakati.

Dumu lilipokwisha aligeuka kuondoka, kwa mazoea, akalikung'uta upande wa pili. Halikutoa hata tone. Akasimama anaitazama ile saruji aliyoisugua kwa mikono yake miaka yote, safi, bila jani hata moja, na kaburi ni kavu. "Maji yamekwisha, mwanangu," alimwambia Qaddur, na hapo ndipo alipolia, kilio ambacho sikukisikia hata siku ile Buziyan alipopitishwa mlangoni.

Siku hizi anabeba madumu mawili, moja kila mkono, na jicho lililobaki linaona kidogo sana, kwa hiyo namwongoza mimi. Anamwagilia huku na huku. Nilimletea mkeka tukae pale katikati, kama zamani, tupumzike. Hakutaka. Anasimama, upepo uwe wa namna gani, anasimama mpaka miguu inamvimba na namsihi twende, kwa sababu nafasi ile ni nyembamba, na akikaa ni lazima mmoja ampe mgongo.